Mkalimani Hana Mimi

Chumba nambari tisa, hospitali ya Govan, Glasgow.
Mvua inakwaruza dirisha kama paka aliyefungiwa nje.
Kanuni ya kazi yangu ni moja: sina mimi.
Daktari Gillespie akisema "nina wasiwasi,"
mwenye wasiwasi ni mimi.
Bwana Kombo Famau akisema "ubavu huu siulalii,"
ubavu ni wangu.

Wiki iliyopita walimtoa lita moja na robo.
Nilikuwepo. Sindano mgongoni, kati ya mfupa na mfupa,
na chupa ikijaa taratibu
rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa mezani.
"Mai haya," akauliza kwa lafudhi ya kwao,
"yameingilia wapi? Mimi sijazama popote."
Nikatafsiri. Daktari akacheka,
kisha akaacha.

Miaka sita alivunja mabomba ya zamani Clydebank,
akiyavua ile sufi ya mawe, asbesto,
pua wazi, maana msimamizi alisema vumbi ni vumbi.
Hilo lilikaa nasi chumbani, kiti cha nne,
na hakuna aliyelikaribisha chai.

"Kuna vipimo viwili," daktari alisema, "vya vimeng'enya."
Kimeng'enya!
Neno nililolikariri kidato cha pili ili nifaulu,
mate humeng'enya wanga, nukta, alama mbili.
Bwana Kombo akanitazama: mwanangu, sema Kiswahili.
Nikasema: ni vibarua wa mwilini, wadogo, hawalali,
kila mmoja na kazi yake.
Adui akibisha hodi, vibarua wa aina fulani huongezeka.
Tukiwapima ndani ya maji
tutakisia nani yuko mlangoni.
"Kama hamira?"
"Kama hamira."
Mkalimani hajibu. Nilijibu.

Wa kwanza alishasema siku ileile:
maji haya si ya moyo uliochoka kusukuma,
si ya ini.
Ni utando wenyewe wa pafu unaolia.
Unalilia nini, hakusema.
Wa pili alichukua siku nne.

Siku nne Bwana Kombo aliandika nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
pauni arobaini, Athumani wa bucha.
Cherehani ya marehemu, apewe Mwanamize.
Koti zito, msikitini, yeyote anayetetemeka.

Leo daktari ameshika karatasi.
"Sabini na moja," anasema.
"Ikizidi arobaini, tunafikiria kifua kikuu."

Nafungua mdomo.
Kwetu jina hilo husemwa mlango ukiwa umekomewa,
na kikombe cha mgonjwa hutengwa, huoshwa peke yake.
Shangazi yangu alikufa likiitwa "kile kikohozi."
Nami hapa nalitamka
kwa sauti ya mtu anayetangaza mtoto amezaliwa:
kifua kikuu, Bwana Kombo!

"Si ile ya vumbi?"

"Kimeng'enya si hakimu," anasema daktari, nasema mimi,
"ni shahidi. Na shahidi huweza kukosea,
yako maradhi mengine yanayompandisha hivihivi.
Lakini chembe tulizoziona zinaafikiana naye,
na kile kipande cha utando tulichokata kitatueleza zaidi.
Vidonge tunaanza leo. Miezi sita."

Anahesabu kwa vidole, anapitiliza mkono mmoja,
anaomba ile namba tena.
Anaiandika chini ya madeni: 71.
Anaitazama kama mtu aliyelipwa na asiyemdai.

Kisha ananigeukia, si daktari, mimi.
"Na wewe mwanangu, mbona macho yako hivyo?
Nani alikuwa na ugonjwa huu kwenu?"

Kimya. Paka wa mvua ameacha kukwaruza.
Daktari ameinua kalamu, anasubiri tafsiri.

Nasema: anauliza vidonge vinywewe
kabla ya kula, au baada.